Kilichopelekwa na kilichofika: niliyoyaona kwa miaka ya kubeba dodoso mlango kwa mlango (uzi mrefu)

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kwenye ule mjadala wa shule za kata kila mmoja alikuja na hesabu zake. Huyu idadi ya madarasa yaliyojengwa, yule idadi ya zahanati zilizofunguliwa, mwingine mabilioni yaliyotengwa kwenye bajeti. Sikuchangia, maana nilitaka nitulie niandike kwa nafasi.

Mimi ni yule mtu anayebisha hodi kwako akiwa na kishikwambi, mzani na ubao wa kupimia urefu wa watoto. Nilianza 2011 kama mtu wa kujitolea kwenye upimaji wa Uwezo, ule unaopima nyumbani kama watoto wanajua kusoma, baadaye nikawa mdadisi kwenye tafiti nyingine kadhaa za kaya na za vituo vya huduma. Nilichokipata huko ni hiki: takwimu za ofisini zinahesabu kilichopelekwa, utafiti wa kaya unahesabu kilichofika. Tukibishana bila kutenganisha hayo mawili hatutaelewana hata tukikesha.

Naanzia kwa majirani zetu Uganda, kwa sababu kisa chao ni cha wazi kuliko vyote ninavyovijua. Mwaka 1996 wadadisi walitumwa kwenye shule za msingi 250 katika wilaya 18. Swali lilikuwa moja tu la msingi: ile ruzuku ya kila mwanafunzi inayotoka Hazina, shule imepokea kiasi gani? Vitabu vya Kampala vilionyesha fedha imetoka. Wadadisi wakafungua madaftari ya shule zenyewe, mwaka kwa mwaka, kuanzia 1991 hadi 1995. Wastani wa kilichofika ulikuwa asilimia 13. Shule nyingi hazikupata hata senti, na walimu wakuu wengi hawakujua kwamba kuna fedha ya namna hiyo wanayopaswa kuidai.

Serikali ya Uganda ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kinachotumwa kila wilaya kila mwezi, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Ilipofika 2001 kilichofika kilikuwa zaidi ya asilimia 80. Wapo wataalamu wanaosema sifa zote zisiende kwa magazeti, kwa sababu kipindi hichohicho elimu ya msingi ilifanywa bure na udhibiti wa fedha za wilaya ukakazwa. Nakubaliana nao. Lakini bila wale wadadisi kufungua madaftari ya shule, nani angejua kwamba kuna tatizo? Hazina walikuwa na risiti zao, mambo safi.

Nije kwetu. Uwezo ilikuwa hivi: vijiji 30 kila wilaya, kaya 20 kila kijiji, na kila mtoto wa miaka 7 hadi 16 anayeishi kwenye kaya hiyo anapimwa, awe anasoma au hasomi. Mtihani ni wa kiwango cha darasa la pili. Unampa silabi, akizipita unampa maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi. Tulipima nyumbani na siyo shuleni kwa sababu shuleni unampata aliyekuja siku hiyo tu. Aliyeacha shule, anayechunga, aliyefichwa ndani kwa ulemavu, huyo humpati kamwe kwenye rejista.

Matokeo ya upimaji wa kwanza, wa 2010, yalionyesha kwamba kwa watoto wa darasa la tatu ni karibu theluthi moja tu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Kwa wanaomaliza darasa la saba, mmoja kati ya watano alikuwa hawezi. Kwa Kiingereza ilikuwa nusu yao.

Siku moja nilikaa kwenye gogo nje ya nyumba, mbele yangu binti wa darasa la saba. Silabi alizisoma, maneno akasoma mawili, kwenye aya akanyamaza. Baba yake alikuwa amesimama nyuma yangu anasikiliza. Akaingia ndani akatoka na madaftari ya binti, yamejaa tiki nyekundu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akaniuliza, "Sasa hizi tiki ni za nini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Mpaka leo nikisikia idadi ya walioandikishwa darasa la kwanza namkumbuka mzee yule.

Naendelea hapo chini. Karibuni.

Pima Kwanza

Mkuu, naheshimu kazi yako, ila nina swali ambalo huwa halijibiwi. Sensa ya 2022 imetupa watu milioni 61.7. Ule utafiti wa taifa wa afya wa 2022 ulihoji wanawake elfu kumi na tano. Mimi, mke wangu, dada zangu, jirani zangu, hakuna hata mmoja aliyewahi kuhojiwa. Mnajuaje hali yetu?

Mleta uzi

Swali zuri, mkuu, nalijibu kwa kukueleza kazi inavyokwenda.

Utafiti huo wa Demografia na Afya wa 2022 ulihoji wanawake 15,254 wa miaka 15 hadi 49 na wanaume 5,763. Nchi imegawanywa kwenye maeneo madogo ya kuhesabia watu, yaleyale ya sensa. Yakachaguliwa maeneo 629 kwa bahati nasibu, kila mkoa ukipata fungu lake, Bara na Visiwani. Mkifika kwenye eneo kazi ya kwanza siyo kuhoji. Mnazunguka na mwenyekiti wa kitongoji au balozi, mnaorodhesha kila kaya, hata ile ya bibi anayeishi peke yake bondeni. Ndipo zinachaguliwa kaya 26 kutoka kwenye orodha hiyo.

Ukishapewa kaya huruhusiwi kuibadilisha. Nyumba ikiwa imefungwa unarudi kesho, na kesho kutwa. Mtendaji akikwambia "nenda kwa mzee fulani, ni mwelewa, atakujibu vizuri," unamshukuru na huendi. Hapo ndipo ulipo uhalali wa namba yote. Elfu kumi na tano waliochaguliwa hivyo wanaieleza nchi vizuri kuliko laki tano waliojitokeza wenyewe kwenye kura za mtandaoni.

Ila ina mipaka yake: namba inasimama kwa taifa na kwa mkoa. Ukitaka hali ya kata yako, utafiti huu hauna. Mtu akikuletea asilimia ya kata akasema imetoka humo, mkatae.

Chaki Nyeupe

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwaka wa kumi na nne huu. Kila mara zikitoka tafiti hizi anayesulubiwa ni mwalimu. "Walimu hawaingii darasani." Nina watoto 118 chumba kimoja. Kuna siku natumwa kata kupeleka taarifa, siku nyingine nasimamia chanjo, siku nyingine vyandarua. Huyo mdadisi akinikosa darasani ataandika nini?

Mleta uzi

Shikamoo mwalimu. Ataandika "hayupo darasani", na nadhani una haki ya kukasirika kama msomaji ataishia hapo.

Utafiti unaouzungumzia ni ule wa viashiria vya utoaji huduma wa Benki ya Dunia. Mdadisi anakuja mara ya kwanza kwa taarifa, anachagua walimu hadi kumi kwa bahati nasibu, kisha anarudi siku nyingine bila taarifa na kuwatafuta walewale. Kwa Tanzania mwaka 2014 waliokosekana shuleni kabisa walikuwa asilimia 14. Waliokosekana darasani walikuwa asilimia 47. Zitazame namba hizo mbili zikiwa pamoja, mwalimu. Walimu walikuwepo shuleni, wengi wao. Kwa hiyo anayehubiri kwamba walimu ni watoro hajasoma jedwali, amesoma kichwa cha habari. Swali ni nini kinamtoa mwalimu aliyekwisha kufika kazini nje ya chumba cha darasa, na umejibu nusu yake wewe mwenyewe.

Na kwa mtoto matokeo ni yaleyale. Upimaji wa awali wa 2010 ulionyesha kwamba katika siku ya saa tano na dakika kumi na mbili kwenye ratiba, mtoto wa Tanzania alikuwa anafundishwa saa mbili na dakika nne.

Kuna jaribio lingine naomba ulijue, maana linakutetea. Linaitwa KiuFunza, lilifanywa na shirika la Twaweza pamoja na watafiti wa vyuo kwenye shule 350 za wilaya kumi, 2013 na 2014. Kundi la kwanza la shule lilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, moja kwa moja bila kupita kwa mtu. Kundi la pili halikupewa ruzuku, ila mwalimu wa darasa la kwanza hadi la tatu aliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu kipimo cha KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) kwenye kila somo, na mwalimu mkuu 1,000. Kundi la tatu likapata vyote viwili. La nne halikupata kitu, ili pawe na cha kulinganishia.

Ruzuku peke yake, baada ya miaka miwili, haikupandisha kujifunza. Vitabu vilinunuliwa, chaki zikawepo, alama zikabaki palepale. Motisha peke yake ilileta mabadiliko madogo yasiyo thabiti. Pale vilipokwenda pamoja, nyenzo mkononi na mwalimu anayethaminiwa kwa matokeo, watoto walipanda waziwazi, na kwa kiwango kinachozidi jumla ya vile viwili vikitenganishwa. Mimi napasoma hivi: ukimpa mwalimu vitabu halafu ukampuuza, hakuna kitu. Ukimsukuma bila vitabu, hakuna kitu.

Chaki Nyeupe

Marahaba. Hilo la mwisho lingebandikwa kwenye kila ofisi ya elimu wilaya. Naomba uongeze: tangu michango ya lazima ilipoondolewa Januari 2016 darasa langu la kwanza liliongezeka karibu mara mbili, na vyumba vilikuwa vilevile.

Mkunga wa Zamu

Nimesoma kimya, sasa naomba kuingia upande wa afya. Kazini kwetu tunaambiwa vifo vya watoto vimepungua sana. Mimi zamu ya usiku bado napoteza vichanga. Naonekana kama ninayelalamika tu. Hizi tafiti zinasemaje?

Mleta uzi

Dada, tafiti ziko upande wako, na hili ndilo eneo lililonifanya niipende kazi hii.

Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa 147 kwa kila vizazi hai 1,000 kwenye utafiti wa 1999. Vikashuka 112 mwaka 2004-05, 81 mwaka 2010, 67 mwaka 2015-16, na 43 mwaka 2022. Vyandarua, chanjo, dawa mseto ya malaria na vitamini A vimefanya kazi kubwa. Anayesema hakuna kilichofanyika nchi hii katika afya ya mtoto anakosea.

Sasa wachukue wanaofariki ndani ya mwezi wa kwanza peke yao. Mwaka 2010 ni 26. Mwaka 2015-16 ni 25. Mwaka 2022 ni 24. Miaka kumi na miwili, tumepunguza wawili. Na katika kipindi hicho wanaojifungulia kwenye kituo cha afya walipanda kutoka nusu hadi asilimia 81. Yaani mama amesikiliza, ameacha kujifungulia nyumbani, amepanda bodaboda na uchungu, amefika. Mtoto akazaliwa mikononi mwa huduma, na nafasi yake ya kuumaliza mwezi haikubadilika sana.

Chandarua hakimsaidii mtoto aliyezaliwa bila kulia. Anamsaidia mtu aliyepo pale kitandani ndani ya dakika ile moja, mwenye mfuko wa kumpulizia hewa, na ambaye mikono yake imezoea. Ule utafiti wa viashiria wa Benki ya Dunia, unaopima vituo vya afya pia, uliwapa wahudumu wagonjwa wa kuigiza, kikiwemo kisa cha mtoto aliyezaliwa hapumui. Kwa jumla ya magonjwa waliyopewa mwaka 2014, utambuzi sahihi ulikuwa kama asilimia 60. Na tunajua inawezekana: hospitali nane za hapa nchini zilipofundisha wakunga kumsaidia mtoto kupumua kwa kutumia mwanasesere wa mazoezi, vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Matokeo hayo yalichapishwa 2013.

Kwa hiyo wewe si mlalamikaji. Hayo unayoyaona zamu ya usiku yamo kwenye jedwali la taifa.

Mkunga wa Zamu

Asante sana. Mwanasesere tulionao umefungiwa stoo, funguo anazo mtu aliyehama kituo. Kesho naanzia hapo.

Pima Kwanza

Mkuu umenishika kwa kiasi. Sasa nieleze vifo vya akina mama. Ripoti moja 556 kwa vizazi laki moja, inayofuata 104. Ndani ya miaka sita au saba? Hiyo mimi siiamini.

Mleta uzi

Hapa nami nakwenda taratibu, mkuu.

Kifo cha uzazi, tofauti na udumavu au homa, ni tukio adimu kwa lugha ya takwimu. Hata ukihoji wanawake elfu kumi na tano utawakuta wachache waliofiwa. Kwa hiyo tunauliza kwa njia ya kuzunguka: mama yako alizaa watoto wangapi, yupi yu hai, yupi amefariki, na kama ni dada, je, alikuwa mjamzito, alikuwa anajifungua, au ni muda mfupi baada ya kujifungua? Jibu linahusu miaka kadhaa iliyopita, siyo mwaka wa utafiti.

Namba inayotoka ina upana mkubwa. Ile 556 ya 2015-16 maana yake halisi ni popote kati ya 446 na 666. Ya 2010 ilikuwa 454, nayo ina upana wake, na hizo mbili zinagusana. Kwa hiyo waliotangaza 2016 kwamba vifo "vimepanda" walikuwa wanasoma namba ya katikati tu. Kushuka hadi 104 ni kukubwa kupita upana huo, na mwelekeo wa kushuka unaungwa mkono na ongezeko la wanaojifungulia vituoni. Lakini makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 yalituweka kwenye 238. Ninauamini mwelekeo. Namba yenyewe naishika kwa vidole viwili.

Nasema hivyo kwa sababu nimeyauliza maswali hayo. Yanakuja mwisho wa mahojiano marefu, mtoto analia, chakula kiko jikoni, mama anataka umalize. Na kumtaja dada aliyekufa na ujauzito mbele ya mgeni si jambo jepesi. Wapo walioninyamazia, nikajua kuna kitu, na sikuwa na haki ya kukilazimisha.

Mama Njombe

Naomba niulize kuhusu huku kwetu. Tunaambiwa Njombe na Iringa tunaongoza kwa udumavu. Mbona tunalima? Mahindi, viazi, maharage, parachichi, maziwa yapo. Watu wa mikoa yenye ukame wanatushinda vipi?

Mleta uzi

Mama, swali lako ndilo linalonisumbua kuliko yote, na namba ni kama ulivyosikia. Mwaka 2022 taifa lilikuwa asilimia 30, kutoka 42 mwaka 2010. Iringa 57, Njombe 50, Rukwa 50. Mikoa mitatu inayolisha nchi.

Kupima tunapima hivi: mtoto wa chini ya miaka miwili analazwa kwenye ubao, mkubwa anasimama, tunasoma urefu na kuulinganisha na wa mtoto wa umri wake anayekua vizuri, kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani. Si suala la kurithi ufupi. Watoto wa hapahapa wakilishwa vizuri wanaufikia urefu huo.

Udumavu haupimi ghala. Unapima kilichofika mdomoni kwa mtoto katika siku elfu moja za kwanza, kuanzia mimba. Nyumba nyingi nilizoingia Nyanda za Juu zilikuwa na magunia hadi darini, na mtoto wa miezi tisa anakula uji mweupe wa mahindi asubuhi, kisha anasubiri mama arudi shambani alasiri. Maziwa yameuzwa. Mayai yameuzwa. Maharage yapo lakini mtoto anapewa mchuzi. Mama mjamzito anapalilia mpaka wiki ya kujifungua. Pale ambapo ardhi ni nzuri kazi ya shamba haiishi, na anayeifanya ni huyohuyo mwenye kunyonyesha. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee, kuharisha kwa mara kwa mara nako kunamaliza chakula tumboni. Ila ukiniuliza ningeanza na nini, ningeanza na kupunguza mzigo wa mama, siyo kuongeza gunia.

Pima Kwanza

La mwisho kwangu. Tafiti hizi fedha zake zinatoka nje. Wakikasirika, tunabaki gizani. Na ndani nako wakubwa wakichukia matokeo, mtafiti anapata tabu.

Mleta uzi

Yote mawili yametokea, mkuu. Julai 2018 Twaweza walitoa matokeo ya Sauti za Wananchi, yale wanayokusanya kwa kuwapigia simu watu walewale waliowagawia simu na chaja za jua, yakionyesha kukubalika kwa Rais wa wakati huo, John Magufuli, kumeshuka hadi asilimia 55. Ikafuata barua ya Tume ya Sayansi na Teknolojia ikihoji kibali. Mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ilibadilishwa ikafanya kuwa kosa kuchapisha takwimu zinazopinga za serikali. Kipengele hicho kikalegezwa 2019. Na mwanzoni mwa 2025 Marekani ilikatisha mpango ulioziwezesha nchi zaidi ya 90 kufanya tafiti za demografia na afya tangu 1984. Ukiondoa ile ya Umoja wa Mataifa na ile ya hospitali nane, hesabu zote za vifo na udumavu nilizoandika hapa, kuanzia ile ya 1999, zinatoka kwenye mnyororo huo.

Nalisema kwa uchungu: utafiti unaotuambia watoto wetu wangapi wanakufa haupaswi kusubiri bajeti ya bunge la watu wengine. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina watu wanaoijua kazi hii. Nimefanya nao.

Mama Njombe

Mkutano mkuu wa kijiji chetu uko karibu, na mwenyekiti amenipa dakika kumi niongelee lishe. Nitaupata wapi huo ukurasa wa mikoa?

Mleta uzi

Ripoti nzima ya utafiti wa 2022 iko kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, sura ya lishe. Nimekutumia inboksi jedwali lenyewe, mama. Itafute Njombe kwenye orodha ya mikoa. Anza na safu ya watoto waliodumaa, za ukondefu ziache, zitawachanganya watu. Ukimaliza kusoma namba waulize akina mama waliopo, siyo akina baba, ni nani anabaki na mtoto kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tisa wakati wa palizi. Andika majibu yote, na ukirudi tuwekee hapa.